Motisha na Umahiri katika Ujifunzaji wa Kemia: Ufafanuzi Unaomhusu Mwanafunzi wa Sekondari nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Katika shule za sekondari nchini Tanzania, uamuzi mkubwa kuhusu somo la Kemia hufanyika mapema kuliko inavyodhaniwa. Kwa muundo uliozoeleka kwa miaka mingi, mwanafunzi husoma Kemia katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha anapoingia Kidato cha Tatu huruhusiwa kuliacha somo hilo pamoja na Fizikia, ilhali Biolojia na Hisabati huendelea nazo hadi Kidato cha Nne. Anayeiacha Kemia akiwa na umri wa miaka 15 au 16 huwa amejifungia, mara nyingi pasipo kujua, tahasusi za PCB, PCM na CBG. Hivyo basi, huwa ameuaga udaktari, ufamasia, sayansi ya maabara, uhandisi wa kemikali na sehemu kubwa ya sayansi ya kilimo.

Anapoulizwa sababu ya kuacha, ni nadra kusema kwamba amepima faida na hasara. Husema kwamba Kemia si yake, au kwamba hana kichwa cha sayansi. Kauli ya namna hii huchukuliwa na wengi, wakiwamo baadhi ya walimu, kuwa ni ukweli kuhusu maumbile ya mwanafunzi. Makala haya yanaichukulia kuwa ni hitimisho alilolifikia mwanafunzi kutokana na ushahidi aliokuwa nao, na yanafafanua ushahidi huo unavyopatikana, kwa nini mara nyingi humpotosha, na namna mwanafunzi anavyoweza kujipatia ushahidi ulio bora zaidi. Hoja inayoyaongoza ni kwamba, katika somo hili, motisha ni zao la umahiri unaoonekana zaidi kuliko kuwa chanzo chake.

2.0 Dhana ya Motisha

Neno motisha limezoeleka kutumika kana kwamba ni kitu ambacho mtu hupewa na mwingine. Ofisini, motisha ni posho. Shuleni, ni zawadi ya madaftari kwa aliyeongoza darasa, au mgeni anayealikwa wiki chache kabla ya mtihani kuwahimiza wanafunzi waamini kwamba wanaweza. Mwandishi hana ugomvi na wageni hao. Hata hivyo, ni vigumu kuona jinsi maneno ya saa moja yanavyoweza kushindana na daftari lililojaa alama za kosa tangu mwezi wa Januari.

Bandura (1977) alitofautisha kujiamini kwa jumla na imani aliyonayo mtu kuhusu uwezo wake wa kutenda jambo mahususi. Mwanafunzi anaweza kuwa jasiri uwanjani na mchangamfu katika mdahalo, lakini akaingiwa na baridi aonapo neno moli. Kwa mujibu wa Bandura, imani hiyo mahususi hutokana na vyanzo vinne: mafanikio ya mtu mwenyewe, kuwaona watu wanaofanana naye wakifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kutenda. Chanzo cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi. Cha tatu, ambacho ndicho kinachotumiwa sana shuleni, ni dhaifu kisipoungwa mkono na cha kwanza.

Weiner, kwa upande wake, alishughulikia namna watu wanavyojieleza sababu za kufaulu na kushindwa. Sababu inaweza kuwa ndani ya mtu au nje yake, inaweza kuwa ya kudumu au ya kupita, na inaweza kuwa katika uwezo wake au nje ya uwezo wake. Anayesema “sina kichwa cha sayansi” amechagua sababu iliyo ndani yake, ya kudumu, asiyoweza kuibadilisha. Ukishaikubali sababu ya aina hiyo, kuacha kusoma si uvivu tena bali ni busara, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeendelea kumwagilia shamba aliloambiwa kwamba halioti.

Kuhusu zawadi na adhabu, itoshe kusema kwamba majaribio ya Deci (1971) yalionesha kuwa watu waliolipwa kwa kutatua mafumbo waliyoyapenda walipunguza kuyachezea walipoachwa huru. Baadaye Deci na Ryan walieleza kwamba motisha ya kudumu hustawi pale mtu anapojiona mahiri, anapokuwa na nafasi ya kujiamulia, na anapojiona ni mmoja wa wenzake. Makala haya yanajikita zaidi katika umahiri, kwa sababu ndipo Kemia ilipo na matatizo yake ya pekee.

3.0 Ugumu wa Kemia Ulipo

Johnstone (1991) alieleza kwamba Kemia husomwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ipo ngazi ya vitu vinavyoonekana na kushikika, ngazi ya chembe ambazo hakuna jicho linaloziona, na ngazi ya alama, yaani fomula na milingano. Mwalimu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja bila kutambua kwamba ameruka, kwani kwake zote tatu zimekwisha kuwa kitu kimoja. Mwanafunzi hubaki nyuma, akiwa ameshika alama tupu.

Mfano mzuri upo katika ufundi wa kuchoma chokaa ambao umejulikana katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Majengo ya mawe ya Kilwa Kisiwani na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yalijengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mafundi walipanga mawe ya matumbawe juu ya lundo la kuni na kuyachoma. Jiwe lililotoka motoni lilikuwa jepesi kuliko lilivyoingia. Lilipomwagiwa maji lilitoa joto na mvuke, likapasuka na kuwa unga. Unga huo uliochanganywa na mchanga ukapakwa ukutani, ukawa mgumu kadiri siku zilivyopita. Haya yote ni ya ngazi ya kwanza, na mtoto yeyote wa pwani anaweza kuyasimulia akiwahi kuyaona.

Katika ngazi ya chembe, joto kali la karibu nyuzi 900 za selisiasi limeivunja kabonati ya kalisi, na gesi ya kaboni dioksidi imetoroka. Ndiyo maana jiwe limepungua uzito. Maji yameungana na oksidi iliyobaki, na joto lililoonekana ni la muungano huo. Ukutani, unga huo umeirudisha polepole kaboni dioksidi kutoka hewani, ukawa tena kabonati ya kalisi. Kwa maneno mengine, ukuta wa Kilwa umerudi kuwa jiwe. Katika ngazi ya alama, safari nzima huandikwa kwa mistari mitatu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Mwanafunzi aliyepita ngazi zote tatu anaweza sasa kukokotoa jambo lenye maana kwake. Moli moja ya kabonati ya kalisi ina masi ya gramu 100, nayo hutoa gramu 56 za oksidi na gramu 44 za gesi. Kilo moja ya jiwe safi itabakiza gramu 560 tu. Fundi wa zamani aliyehisi wepesi wa jiwe mkononi alikuwa akihisi gramu 440 zilizokwenda zake. Aidha, mstari wa tatu ndio ule ule unaotokea maabara pale maji ya chokaa yanapogeuka meupe kama maziwa kwa kupulizwa pumzi. Mwanafunzi anayelijua jaribio hilo kama sentensi ya kukariri, na anayelijua kama ukuta unaozaliwa ndani ya neli ya kioo, wote wataandika jibu moja katika mtihani wa Kidato cha Pili. Tofauti yao huonekana Kidato cha Tatu, maswali yanapobadilika sura.

Inafaa kuongeza kwamba kupata jibu sahihi la hesabu si ithibati ya kuelewa. Nurrenbern na Pickering (1987) waliwapa wanafunzi wa vyuo nchini Marekani maswali ya aina mbili kuhusu mada zile zile, zikiwamo gesi. Wengi walioweza kukokotoa kwa kutumia fomula walishindwa kutambua mchoro unaoonesha jinsi chembe za gesi zinavyokaa chomboni.

3.1 Suala la lugha

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha katika Kidato cha Kwanza huanza kuisoma kwa Kiingereza. Athari za mabadiliko hayo zimejadiliwa kwa kina na Roy-Campbell na Qorro (1997), na mjadala wa sera hautarudiwa hapa. Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni kwamba, hata pale mwalimu anapogeukia Kiswahili ili aeleweke, maneno ya kila siku hubeba maana ambazo Kemia inazitenganisha.

Kitenzi kuyeyuka ni mfano wa wazi. Siagi huyeyuka juani, na sukari huyeyuka katika chai. Katika tukio la kwanza kitu kimoja kimebadili hali kwa joto; katika la pili, chembe za kitu kimoja zimetawanyika miongoni mwa chembe za kingine. Kiswahili kina kitenzi kumumunyika kinachoweza kulibeba tukio la pili, lakini nyumbani hakuna anayesema sukari imemumunyika. Mwanafunzi anayeeleza kwamba chumvi ndani ya maji imegeuka kuwa kimiminika hajakosa akili. Ameifuata lugha yake kwa uaminifu.

Neno hewa nalo hutumika kwa mchanganyiko unaotuzunguka na kwa gesi yoyote ile. Tunasema hewa ya ukaa na hewa ya oksijeni, na mtoto huelewa kwamba oksijeni ni aina mojawapo ya hewa, kama vile mchele wa Kyela ulivyo aina ya mchele. Vilevile neno kali: asidi kali, kwa mtu wa kawaida, ni ile inayounguza. Mwanakemia hutofautisha nguvu ya asidi, yaani kiasi ambacho molekuli zake huachana na kuwa ioni ndani ya maji, na ukolezi wake, yaani wingi wa asidi katika ujazo fulani. Asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa mno ni yenye nguvu lakini haijakolea. Asidi ya ethanoiki inaweza kukolea sana na bado ikawa dhaifu. Maneno mawili, kali na nyepesi, hayawezi kuzibeba hali zote nne.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba istilahi hazikuwapo. Kinachopungua ni mazoea ya kukaa na mwanafunzi na kumwuliza: neno hili kwako lina maana gani? Mwanafunzi anayejisomea anaweza kulifanya mwenyewe, kwa kuandika kila neno jipya katika mistari mitatu: maana yake darasani, maana yake nyumbani, na mahali maana hizo mbili zinapoachana.

4.0 Kosa Kama Chanzo cha Taarifa

Tuchukue swali la kawaida katika mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Mwanafunzi amepima kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu, akaongeza matone ya kiashiria, kisha akaachilia asidi ya salfuriki kutoka kwenye bureti. Asidi ina ukolezi wa moli 0.1 katika kila desimita ya ujazo, na wastani wa kiasi kilichotumika ni sentimita za ujazo 12.50. Anatakiwa kupata ukolezi wa alikali.

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Moli za asidi ni 0.1 × 12.50 ÷ 1000, yaani 0.00125. Kwa kuwa kila moli moja ya asidi humaliza moli mbili za alikali, moli za alikali ni 0.0025. Zikigawanywa kwa ujazo wake, yaani desimita za ujazo 0.025, jibu ni moli 0.1 kwa desimita ya ujazo.

Sasa tuwatazame wanafunzi watatu waliokosa. Wa kwanza ameandika 0.05. Huyu anajua kila kitu isipokuwa kwamba amechukua uwiano kuwa moja kwa moja. Wa pili ameandika 0.025. Ameuona uwiano, lakini amegawa kwa mbili mahali pa kuzidisha, ishara kwamba anaukumbuka kama tarakimu na hausomi kama sentensi. Wa tatu ameandika 100. Kosa lake liko katika vipimo tu: upande mmoja ametumia sentimita za ujazo na upande wa pili desimita. Laiti angejiuliza kama jibu hilo linawezekana, angegundua kwamba moli 100 za hidroksidi ya sodiamu ni kilo 4, na kwamba hakuna namna ya kuzipata ndani ya lita moja ya myeyusho.

Madaftari yote matatu yatarudi yakiwa na alama ile ile ya kosa, na wote watatu watahitimisha kwamba hawajui moli. Hitimisho hilo si sahihi hata kwa mmoja wao. Hapa ndipo ushahidi unapompotosha mwanafunzi: alama inamwambia kwamba ameshindwa, haimwambii ameshindwa wapi, naye huijaza nafasi hiyo kwa sababu iliyo karibu, yaani kichwa chake.

Kinachopendekezwa ni daftari la makosa. Kila swali lililokosewa huandikwa upya, na kando yake mwanafunzi hutaja hatua ya kwanza ilipoharibika na aina ya kosa: la kulisoma swali, la lugha, la mlingano, la uwiano, au la vipimo na hesabu. Baada ya wiki kadhaa huyahesabu. Akikuta makosa yake mengi ni ya uwiano, sababu ya kushindwa imetoka katika maumbile na kuingia katika jambo linaloweza kufanyiwa mazoezi kwa jioni chache. Katika lugha ya Weiner, imehama kutoka ya kudumu kwenda ya kupita. Na pale aina moja ya kosa inapotoweka katika kurasa zinazofuata, mwanafunzi amekipata kile chanzo cha kwanza cha Bandura, kikiwa kimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

5.0 Namna ya Kusoma

Wanafunzi wengi husoma Kemia kwa kurudia notisi. Huzisoma, huzipigia mistari, na wengine huzinakili upya kwa mwandiko mzuri zaidi. Njia hii ina udanganyifu ndani yake. Roediger na Karpicke (2006) walilinganisha watu waliosoma matini tena na waliojipima kwa kuyaandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya siku 2, na pia baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wa taifa hauji dakika 5 baada ya kufunga daftari.

Kwa hiyo, katika uchambuzi wa chumvi, mwanafunzi afunge kitabu na kuandika kwenye karatasi tupu: miali ya sodiamu ni ya njano, ya potasiamu ni ya zambarau hafifu, ya kalisi ni nyekundu kama tofali; chumvi za shaba zikitiwa amonia kidogo hutoa mashapo ya buluu hafifu, na amonia ikizidi mashapo hupotea na kuacha myeyusho wa buluu iliyoiva; chuma cha valensi 2 hutoa mashapo ya kijani, cha valensi 3 ya hudhurungi. Kisha afungue na kulinganisha. Zoezi hili linaumiza, na maumivu hayo ndiyo sababu ya wengi kulikwepa. Kuyatazama maswali ya mitihani iliyopita huku majibu yakiwa wazi pembeni ni kurudia notisi kwa jina jingine.

Pale mada inapokuwa ngeni kabisa, hata hivyo, kumtupa mwanafunzi katika maswali ni kumzamisha. Sweller na Cooper (1985) walionesha, kwa mifano ya aljebra, kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa kuchunguza maswali yaliyokwisha kutatuliwa. Njia ya kati ni kuchukua swali lililotatuliwa, kufuta hatua ya mwisho na kuijaza, kesho kufuta mbili, na kuendelea hivyo.

Vikundi vya majadiliano vina nafasi yake, mradi kila mmoja awe amejaribu peke yake kwanza. Faida yake kubwa ni kumwona mwenzako wa dawati moja, aliyeshindwa kama wewe mwezi uliopita, akifafanua uwiano wa moli ubaoni. Hicho ni chanzo cha pili cha Bandura, na hakigharimu chochote.

6.0 Pasipo na Maabara

Ukosefu wa vifaa ni tatizo halisi, na si haki kumdai mwanafunzi autatue. Hata hivyo, magadi yanayolainishia maharage ni kabonati. Yakidondoshewa maji ya ndimu hutoa mapovu ya kaboni dioksidi. Maji ya ua jekundu la rozela hubadili rangi yakikutana na ndimu na yakikutana na magadi, na hivyo yanatosha kufundishia kiashiria. Misumari mitatu katika chupa tatu, mmoja penye hewa na maji, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, na mmoja pakavu kabisa, hufundisha masharti ya kutu kwa wiki moja. Kinachotakiwa ni kwamba kila tukio liandikwe katika ngazi zote tatu za Johnstone. Mapovu yasiyo na mlingano ni mchezo tu, na mlingano usio na mapovu ndio uliowakimbiza wanafunzi tangu mwanzo.

Liko pia suala la kimbinu kwa watafiti. Tafiti kuhusu motisha hutegemea sana hojaji, ambamo mwanafunzi huulizwa kama anaipenda Kemia na kutakiwa kuchagua kati ya “nakubali kabisa” na “sikubali kabisa”. Mwanafunzi aliyekwisha kuamua kuacha somo atajibu kwa uaminifu kwamba halipendi, na mtafiti ataandika kwamba kukosa mapenzi kumesababisha kushindwa. Mfuatano wa mambo yenyewe hauonekani katika jibu hilo. Unaonekana katika madaftari ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, yakipangwa kwa tarehe: mada ambayo alama zilianza kushuka, aina ya kosa lililojirudia, wiki ambayo mwanafunzi aliacha kusahihisha, na muda uliopita kati ya wiki hiyo na siku aliyosema kwa mara ya kwanza kwamba Kemia si yake. Madaftari hayo, katika shule nyingi, huuzwa kwa wafunga karanga mwisho wa mwaka.